Ukishuka Bondeni, Jihadhari na Mbu na Mbung'o

Wakati wa kiangazi vikundi vya vijana, wanakwaya na wanafunzi hupenda kutembea. Wengine hushuka Ziwa Rukwa, wengine huenda Hifadhi ya Taifa ya Katavi, wengine maporomoko ya Kalambo. Ni vema kuijua nchi yetu. Lakini wengi huogopa simba tu, wakawasahau wadudu wadogo.

Kwa nini watu wa Ufipa tujihadhari zaidi?

Mji wa Sumbawanga uko juu, kiasi cha mita 1,800 kutoka usawa wa bahari. Kwa sababu ya baridi, mbu wa malaria si wengi. Ziwa Rukwa liko chini, karibu mita 800. Huko ni joto na mbu ni wengi. Mtu aliyekulia huku juu, mwili wake haujaizoea malaria kama wa mkazi wa Muze au Ilemba. Akiugua anaweza kuzidiwa upesi, hasa mtoto mdogo au mama mjamzito.

Katavi kuna hatari nyingine: mbung'o, ambao baadhi yao hubeba vijidudu vya malale. Mbu wa malaria huuma usiku, lakini mbung'o huuma mchana, hata kupitia nguo nyembamba. Hufuata gari linalotembea, na huvutwa na nguo nyeusi na za buluu.

Jikinge hivi:

1. Ukilala bondeni, lala ndani ya chandarua chenye dawa, hata kama ni usiku mmoja.

2. Katavi vaa nguo nzito kidogo, za mikono mirefu, za rangi ya kaki au kijivu. Funga vioo vya gari penye mbung'o.

3. Usioge wala kuchota maji mahali penye mamba. Usisimame kati ya kiboko na maji. Akiona njia yake imezibwa, hushambulia.

4. Hifadhini msishuke garini isipokuwa mahali paliporuhusiwa. Msikilizeni askari wa wanyamapori.

5. Kalambo maji huanguka zaidi ya mita 200. Mawe ya ukingoni huteleza. Mwalimu awahesabu watoto, na asiwaache wasogee ukingoni kwa ajili ya picha.

Ukirudi nyumbani

Hapa ndipo wengi hukosea. Malaria kwa kawaida huanza siku 7 au zaidi baada ya kuumwa na mbu. Basi mtu yuko nyumbani kwenye baridi, anapata homa, anasema ni mafua au uchovu wa safari. Usingoje! Nenda zahanati siku hiyo hiyo ukapimwe, na umwambie mganga ulikokwenda.

Kama ulipita Katavi, hata kwa basi la Mpanda, taja pia mbung'o. Malale huanza kwa homa, kuumwa kichwa na viungo, na pengine kidonda palipoumwa. Kipimo cha haraka cha malaria hakionyeshi malale. Kwa hiyo homa ikiendelea ingawa huna malaria, au umemaliza dawa bila nafuu, omba damu ichunguzwe kwa darubini. Malale yakigunduliwa mapema hutibika. Yakiachwa, huingia kwenye ubongo na kuua.

Neno moja kwa mganga, "Nilishuka bondeni," laweza kuokoa maisha yako.