Kabla Hujafuta Akaunti: Mambo ya Kufanya na Kutofanya

Wengi hubonyeza kitufe cha kufuta akaunti wakiamini kwamba kila walichowahi kuandika kimetoweka pamoja na jina lao. Sivyo. Anayehama mtaa haondoki na barua alizowaandikia majirani. Baadhi ya maneno yako hufutwa, mengine hubaki bila jina, mengine yamo mikononi mwa watu usioweza kuwaamuru. Yashike haya kabla kidole hakijagusa kitufe, kwa sababu hatua nyingine hazina marejeo.

FANYA

1. Soma kanuni za mtandao husika. Hazifanani. Facebook hukupa siku 30 za kubadili nia, na kufuta vyote ulivyochapisha kunaweza kuchukua hadi siku 90. X nayo hukupa siku 30. Reddit huondoa jina lako tu: ulichoandika kinabaki pale pale na kila mtu anaendelea kukisoma. Wikipedia haifuti akaunti kabisa; michango yako hudumu katika historia ya makala, na unachoweza kuomba ni kubadilishiwa jina.

2. Futa machapisho kwanza, akaunti baadaye. Hapa ndipo wengi wanapoumia. Akaunti ndiyo inayokuruhusu kuhariri na kufuta maneno yako. Ukiifuta kabla ya maneno hayo, katika mtandao kama Reddit umejinyima uwezo wa kuyaondoa, hata kama yana jina la mwanao au mtaa unaoishi. Telegram hukuruhusu kufuta ujumbe wa mazungumzo ya watu wawili pande zote mbili. Fanya hivyo ungali ndani.

3. Pakua nakala yako kabla ya kufuta chochote. Facebook inakuruhusu kupakua picha na machapisho yako. Google ina huduma ya Takeout kwa kazi hiyo hiyo. Picha ya harusi au ya mzazi aliyefariki ambayo iko mtandaoni peke yake, ukiifuta imekwenda. Hifadhi nakala kwingine, kisha ifungue uhakikishe inasomeka.

4. Kabidhi unachokisimamia. Ukurasa wa Facebook wa duka, kwaya au kikoba ambao wewe peke yako ndiye mwenye mamlaka nao hufutwa pamoja na akaunti yako. Mpe mwenzako usimamizi mapema. Kazi ya kikundi si mali yako ya kuondoka nayo.

5. Zikague huduma unazoingilia kwa akaunti hiyo. Kama unafungua programu nyingine kwa kutumia Facebook au Google, ziwekee kwanza barua pepe na nywila ya kuingilia. Vinginevyo utajifungia nje.

6. Tumia sheria. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 na Kamishna wa kuisimamia. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na Tume yake. Kampuni inayong'ang'ania taarifa zako bila sababu ya kisheria, iandikie, utunze nakala ya barua, kisha uilalamikie.

USIFANYE

1. Usidhani kuondoa programu kwenye simu ni kufuta akaunti. Ukiiondoa WhatsApp bila kufuta akaunti, jina lako linabaki kwenye makundi na watu wanaendelea kukuandikia. Vivyo hivyo, kuzima akaunti ya Facebook ni kuificha tu.

2. Usitupe laini kabla ya kumaliza. Namba iliyolala muda mrefu hupewa mteja mwingine. Huyo ndiye atakayepokea namba za uthibitisho za akaunti ulizoziacha zikiwa zimeunganishwa na namba yako.

3. Usitegemee kwamba ujumbe uliotuma utafutika kwa mpokeaji. Ujumbe wa WhatsApp na wa Messenger hubaki kwake hata baada ya wewe kuondoka. Picha za skrini hazina wa kuzirudisha, na huenda Wayback Machine, hifadhi ya nakala za kurasa za mtandaoni, imeshahifadhi ukurasa wako tangu zamani.

4. Usirudi kuchungulia. Ukiingia tena ndani ya zile siku 30, unaweza kujikuta umeifufua akaunti uliyotaka ife.

5. Usifute ukiwa umetishiwa au umetapeliwa. Ujumbe uliotumiwa ni ushahidi wako. Uhifadhi, toa taarifa polisi, upate ushauri, ndipo ufikirie kufuta.

6. Usifute kwa hasira yale ambayo wengine wanayategemea. Pengine ulimweleza mgeni hatua za kuomba mkopo wa chuo. Ulimjibu mama aliyeuliza namna ya kumlisha mtoto mwenye selimundu. Watu wamekushukuru, wameongeza maelezo, wengine wanaendelea kusoma. Ukiling'oa jibu lako, maswali na shukrani zao zinabaki zikielea bila maana. Una haki ya kuondoa jina lako, na una haki kamili ya kuondoa siri zako na za familia yako, hapo usisite. Lakini elimu uliyokwisha kuitoa kwa umma, mtandao ukikuruhusu kuiacha bila jina, iache. Mazungumzo ni ya wote walioshiriki.

Basi mpangilio ni huu: soma kanuni, pakua nakala, kabidhi majukumu, tenganisha huduma nyingine, futa machapisho yanayokuhusu wewe na wako, ndipo ufute akaunti. Kama leo huna muda wa kuutimiza wote, usianze. Akaunti itakusubiri hadi kesho, ila ukiifuta ovyo utakuwa umewaachia wengine maneno yako na kujinyima mamlaka juu yake.