Kati ya Peslipu Mbili: Haki za Mdaiwa Anayehama Kazi

Katika mitaa ya Eastlands, Nairobi, kama Umoja, Kayole, Donholm au Buruburu, mwenye kazi haogopi sana deni. Mshahara ukiingia, Sacco, yaani chama cha akiba na mikopo, inakata chake, benki chake, mwenye nyumba anatumiwa kodi, karo inalipwa nusu na daftari la dukani linapunguzwa. Hatari huja kazi inapobadilika. Kati ya mshahara wa mwisho wa kazi ya zamani na ule wa kwanza wa kazi mpya unaweza kupita mwezi mmoja, miwili, hata mitatu, ilhali tarehe za kulipa hazingoji mtu. Ni katika pengo hilo ambapo watu hutia sahihi karatasi wasizozisoma, hukopa kwenye simu ili walipe mkopo mwingine wa simu, na kumwachia mkopeshaji wa mtaani kitambulisho au kadi ya benki. Dawa ya deni ni kulipa, na sheria za Kenya hazipingi hilo. Lakini sheria hizo zimeeleza pia deni lilipwe vipi, kwa kiasi gani, na nini kisiguswe. Hoja yangu ni kwamba anayezijua haki hizo kabla hajaacha kazi ana nafasi bora ya kumaliza madeni yake kuliko anayengoja hadi wadai wabishe hodi, na ya kuyamaliza bila watoto wake kulala njaa.

Tuanze na peslipu. Kifungu cha 19 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 kinataja makato ambayo mwajiri anaruhusiwa kutoa, kisha kinaweka kikomo: jumla ya makato yote isizidi thuluthi mbili za mshahara. Chukua mfano wa karani wa ghala katika Industrial Area anayelipwa shilingi 45,000. Thuluthi mbili ni 30,000, kwa hivyo hapaswi kwenda nyumbani na chini ya 15,000. Kwa viwango vya mwaka 2025, mfuko wa pensheni wa NSSF unachukua 2,700, bima ya afya ya SHIF asilimia 2.75 ambayo ni kama 1,240, ushuru wa nyumba asilimia 1.5 ambayo ni 675, na kodi ya mapato karibu 4,500. Hiyo ni takriban 9,100 iliyokwisha kuondoka kabla mdai yeyote hajanyoosha mkono. Zinazobaki kugawanywa na Sacco, benki na wengineo kupitia peslipu ni kama 20,900, wala si zaidi. Sasa karani huyo akihamia kazi ya 36,000, kikomo kinashuka hadi 24,000 kwa makato yote, na mpango wa kulipa uliotosha jana haukai tena. Mwajiri mpya ana wajibu wa kukataa makato yanayovuka mstari huo, hata kama mfanyakazi mwenyewe aliyakubali kwa maandishi. Peslipu mpya ndiyo ushahidi wa kupeleka kwa mdai unapoomba muda wa mkopo urefushwe ili malipo ya kila mwezi yapungue.

Ulinzi huu una mpaka wake, na ni vyema uujue mapema. Kikomo cha thuluthi mbili kinahusu makato yanayofanywa na mwajiri. Hakihusu pesa ulizoiruhusu benki itoe kwenye akaunti yako, wala deni la Fuliza, mkopo wa M-Pesa, ambalo hukatwa pesa yoyote inapoingia kwenye simu. Mtu anaweza kupokea mshahara uliolindwa na sheria, kisha ukamegwa dakika hiyo hiyo kabla hajanunua unga. Ndiyo maana mahali mshahara mpya utakapoingia ni uamuzi wa kupangwa mapema, sawa na tarehe ya kuanza kazi.

Jambo la pili ni namna unavyoondoka kazini. Anayelipwa kwa mwezi hutoa au hupewa notisi ya maandishi ya siku 28, au alipwe fedha badala yake. Anayeamka na kuondoka bila notisi hujitia hasara ya karibu mshahara wa mwezi mzima, nao ndio mwezi ambao familia inauhitaji zaidi. Ukipunguzwa kazi, kifungu cha 40 cha Sheria ya Ajira kinamtaka mwajiri atoe taarifa mwezi mmoja kabla kwa chama cha wafanyakazi au kwako mwenyewe, na pia kwa afisa wa leba, akulipe siku za likizo ulizobakisha, na akupe fidia isiyopungua mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka uliokamilisha. Dai mchanganuo wa malipo hayo kwa maandishi kabla ya kutia sahihi kwamba huna dai lingine, kwa sababu mara nyingi mkopo wa kampuni hukatwa hapo hapo bila hesabu kuonyeshwa. Cheti cha utumishi nacho ni haki yako chini ya kifungu cha 51 cha sheria hiyo, na mwajiri hawezi kukizuia kwa kuwa unamdai au anakudai.

Kisha kuna Sacco, ambapo deni la mtu mmoja ni deni la marafiki. Kazi ikiisha, makato ya moja kwa moja hukoma, na wadhamini wako huanza kupokea barua. Sacco ina haki ya kufidia mkopo kwa akiba zako, na zisipotosha huwaendea waliokudhamini. Hakuna haki inayokuondolea jukumu hilo, na haifai iwepo. Unachoweza kufanya ni kuiandikia Sacco kabla ya siku ya mwisho kazini, uiambie utalipa kiasi gani kwa mkono hadi mwajiri mpya aanze kukata. Pia kagua taarifa ya akaunti yako: mwajiri aliyekukata mshahara halafu hakuwasilisha pesa hizo ametenda kosa, na deni hilo lisiwekwe mabegani mwako kana kwamba hukulipa. Mgogoro ukizuka, Mahakama ya Vyama vya Ushirika ndiyo yenye mamlaka ya kuusikiliza.

Mikopo ya simu ndiyo iliyowatesa wengi kwa aibu. Kanuni za Benki Kuu za mwaka 2022 kuhusu wakopeshaji wa kidijitali, zilizoanza kutumika tarehe 18 Machi mwaka huo, zinawakataza kutumia vitisho na matusi, kuwapigia au kuwaandikia watu walio kwenye orodha yako ya simu kwa sababu umechelewa kulipa, na kuanika habari zako mtandaoni. Mwajiri wako mpya akipigiwa na mkopeshaji wa aina hiyo, aliyevunja sheria si wewe. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inaongeza meno. Septemba 2023, Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza kampuni ya Mulla Pride, mwenye programu za KeCredit na Faircash, faini ya shilingi 2,975,000 baada ya malalamiko kwamba namba za watu zilitumiwa kwa vitisho. Malalamiko hayo yalitoka kwa wananchi wa kawaida. Nawe ukitishwa, hifadhi jumbe.

Hofu nyingine ya anayetafuta kazi ni CRB, yaani ofisi zinazohifadhi rekodi za mikopo ya watu. Sheria ya Ajira ilirekebishwa mwaka 2022, na sasa mwajiri haruhusiwi kumdai mwombaji vyeti vya uidhinisho, kikiwemo cha CRB, ila akiwa amenuia kuandikiana naye mkataba. Una haki ya kupata ripoti yako ya mikopo bila malipo mara moja kwa mwaka, kujulishwa kabla ya taarifa mbaya kukuhusu kupelekwa huko, na kupinga taarifa isiyo kweli. Deni lisilofika shilingi 1,000 halipaswi kukuchafulia jina. Omba ripoti hiyo kabla ya kutuma maombi ya kazi. Doa la uongo huondolewa kwa urahisi zaidi likigunduliwa mapema kuliko likigunduliwa na mwajiri.

Tufike sasa mlangoni, kwa sababu ndipo hofu huishia. Anayekuja kuchukua vitu vya nyumbani kwa amri ya mahakama lazima awe dalali mwenye leseni. Kanuni za Madalali za mwaka 1997 zinamtaka kwanza aandike orodha ya vitu na thamani yake, akupe, kisha akuachie siku saba za kulipa kabla ya kuvichukua. Soma orodha hiyo mstari kwa mstari. Nguo za lazima, vyombo vya kupikia na matandiko yako, ya mwenzi wako na ya watoto havikamatwi, wala vifaa unavyovitegemea kwa kazi yako. Kifungu cha 44 cha Sheria ya Taratibu za Madai kinavilinda. Cherehani ya fundi wa nguo iliyomo kwenye orodha hiyo ni sababu tosha ya kwenda mahakamani Makadara asubuhi inayofuata. Kodi ya nyumba ina utaratibu wake, lakini nao pia hupitia kwa dalali mwenye leseni. Mwenye nyumba anayeng'oa mlango au mabati amechukua sheria mkononi. Mkopeshaji aliyeshikilia kitambulisho chako hana dhamana yoyote mkononi, ana kosa chini ya Sheria ya Usajili wa Watu.

Wenye ndoa wana ulinzi wa ziada. Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 inasema deni la kabla ya ndoa hubaki la aliyelikopa, na lile la manufaa ya familia hubebwa na wote kwa usawa. Nyumba ya familia haiwekwi rehani bila idhini ya mwenzi. Mume au mke aliyekopa kwa siri asidhani mwenzake amefungwa na sahihi ambayo hakuitia.

Na jela? Deni la kawaida si kosa la jinai, na polisi si wakusanyaji wa madeni. Hundi isiyo na pesa ni jambo tofauti, kwani hilo ni kosa. Mwaka 2010, katika kesi ya Zipporah Wambui Mathara, Jaji Martha Koome aliamua kwamba kumfunga mtu kwa sababu tu ameshindwa kutimiza mkataba kunakwenda kinyume na mkataba wa kimataifa wa haki za kiraia na kisiasa. Uamuzi wa mwaka 2012 katika kesi ya Beatrice Wanjiku ulieleza kwamba kifungo cha madai hakijafutwa kabisa, ila ni lazima mdaiwa asikilizwe kwanza, na kilenge anayeweza kulipa lakini anakataa. Kwa hivyo ukiitwa mahakamani ueleze kwa nini usifungwe, nenda, ukiwa na peslipu, risiti za karo na mapendekezo ya malipo. Anayekosa kufika ndiye anayejifunga mwenyewe.

Wapo wanaosema haki hizi zinawafuga walaghai, na kwamba mwisho wake ni riba kupanda kwa walipaji wema. Hoja hiyo ina uzito, lakini itazame sheria yenyewe. Kifungu cha 44A cha Sheria ya Benki, kilichoanza kutumika mwaka 2007, hakifuti hata shilingi moja ya mtaji: kinasema tu kwamba mkopo ukishakwama, riba inayoongezwa isizidi kiasi cha mtaji uliokuwa umebaki. Aliyekwama na 100,000 atadaiwa hiyo, riba isiyozidi 100,000 nyingine, na gharama za ukusanyaji. Hiyo bado ni adhabu nzito, lakini ina kikomo, na deni lenye kikomo hulipika. Machi 2020, janga la korona lilipoingia, Benki Kuu yenyewe iliruhusu mikopo ya watu binafsi irefushwe hadi mwaka mmoja, kwa kuwa ilijua mdai hupata zaidi kwa mtu aliyepewa nafasi kuliko kwa mtu aliyezima simu. Hata Sheria ya Ufilisi ya mwaka 2015, inayomwezesha asiye na mali yoyote, mwenye deni la kati ya 100,000 na milioni nne, kuondolewa deni baada ya miezi 12, inamtaka aanike hesabu zake zote kwa Mpokeaji Rasmi, afisa wa serikali anayesimamia ufilisi, na hufunga mlango kwa aliyeficha mali. Mlaghai hapendi utaratibu wa namna hiyo.

Wengine watasema haya yote ni ya karatasi, kwamba mtu wa Dandora hana pesa ya wakili wala siku ya kupoteza. Ni kweli kwamba sheria nyingine zimepitwa na wakati: Mahakama ya Udhibiti wa Kodi bado inahusu nyumba za kodi isiyozidi shilingi 2,500, na ni chache mno Eastlands. Lakini Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanza mwaka 2021, husikiliza madai yasiyozidi milioni moja, inapaswa kuamua ndani ya siku 60, na mtu anaweza kujisimamia bila wakili. Shirika la Kituo cha Sheria limewasaidia maskini tangu mwaka 1973, na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2016 ilianzisha huduma ya serikali ya kazi hiyo. Kulalamika kwa Kamishna wa Data hakukulipishi ada. Na kinga nyingi nilizozitaja hazihitaji mahakama: zinahitaji barua, nakala yake, na tarehe.

Kwa hivyo, kabla hujapeleka barua ya kuacha kazi, andika nyingine. Moja kwa Sacco, moja kwa benki, na mwenye nyumba umweleze mwenyewe kwa maneno na kwa ujumbe, ukitaja kila mmoja atalipwa kiasi gani na lini. Tenga kwanza kodi, chakula na karo, kisha mkopo wenye wadhamini, kisha benki, na mwisho mikopo ya simu. Utaratibu huo si wa kumdharau mdai yeyote. Kila anayekudai anakutegemea uendelee kufanya kazi, na hakuna anayefanya kazi vizuri akiwa na nyumba iliyofungwa kufuli na watoto waliofukuzwa shule.