Somo: Kemia Inaweza Kumfikisha Mtoto Wapi?

Mkulima wa Kyela anayevundika kakao chini ya majani ya mgomba anajua kwamba akiharakisha, ubora unapotea. Ndani ya lundo lile, vijidudu vya chachu hula sukari ya ule ute mweupe na kutoa pombe. Bakteria huigeuza pombe kuwa siki, lundo linapata joto, mbegu inakufa, na vimeng'enya vilivyomo huanza kukatakata protini. Vipande hivyo vidogo ndivyo vinavyozaa harufu ya chokoleti kakao ikikaangwa. Mtu anayefuatilia mambo kama hayo hatua kwa hatua, akiuliza ni kemikali gani inafanya nini ndani ya kiumbe hai, ni mtafiti wa kemia ya viumbe hai. Akitumia ujuzi huo kutengeneza dawa au kipimo cha ugonjwa, ameingia kwenye bioteknolojia. Ni kazi ya mshahara, ingawa wazazi wengi tukisikia mtoto anapenda kemia tunafikiria udaktari au ualimu tu.

Kazi hiyo imekwisha kufika kwetu. Kati ya mwaka 2006 na 2011, watafiti wa kituo cha NIMR Mbeya na wenzao wa Chuo Kikuu cha Munich, Ujerumani, walifuatilia afya za wakazi wa Kyela, mahali palipokuwa na matende na mabusha kwa wingi. Mtu anaweza kuwa na minyoo ya ugonjwa huo miaka mingi bila mguu kuvimba, kwa hiyo walitafuta kwenye damu kemikali zinazotolewa na minyoo yenyewe. Ilionekana kwamba wenye minyoo hiyo walipata maambukizi mapya ya VVU takriban mara mbili zaidi ya wasio nayo. Matokeo yalichapishwa mwaka 2016 katika jarida la The Lancet. (Tusichanganye: minyoo haileti VVU. Kilichoonekana ni kwamba mwenye minyoo yuko kwenye hatari zaidi.) Bila kipimo cha maabara, jambo hilo lisingejulikana kwa macho.

Sasa njia yenyewe. Mlango mwembamba uko mapema kuliko tunavyodhani, yaani kidato cha tatu, mwanafunzi anapochagua masomo ya kuendelea nayo. Akiacha kemia hapo, kurudi ni kazi ngumu sana. Kidato cha tano na sita huchukua PCB au CBG. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina digrii ya biolojia ya molekuli na bioteknolojia, na SUA Morogoro ina ya bioteknolojia na sayansi za maabara. Zote ni miaka 3, na mwenye sifa huomba mkopo wa Bodi ya Mikopo. Baada ya hapo ni umahiri, halafu uzamivu. Taasisi ya Nelson Mandela ya Arusha, iliyopokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 2011, inafundisha ngazi hizo mbili za juu.

Niseme wazi: digrii ya kwanza peke yake mara nyingi humfikisha kijana kwenye kazi ya kumsaidia mtafiti, na nafasi si nyingi. Mzazi asiuze shamba lote la kakao kwa kutegemea digrii hiyo moja. Umahiri na uzamivu mara nyingi hulipiwa na ufadhili au mradi wa utafiti, na anayeupata ni yule ambaye tayari ameonyesha kazi nzuri maabara.

Jirani yetu Kelly Chibale alikulia Zambia, wilaya ya Mpika, inakopita TAZARA. Nyumbani hakukuwa na umeme wala maji ya bomba. Alimaliza kemia Chuo Kikuu cha Zambia mwaka 1987, akafanya kazi kwenye kiwanda cha baruti Mufulira, kisha akapata ufadhili wa uzamivu Cambridge, Uingereza. Mwaka 1996 alijiunga na Chuo Kikuu cha Cape Town, na mwaka 2010 akaanzisha kituo cha kutafuta dawa kiitwacho H3D. Mwaka 2012 walitangaza kemikali inayozuia kimeng'enya ambacho kimelea cha malaria hakiwezi kuishi bila hicho. Ilifika kwenye majaribio kwa binadamu, lakini baadaye uendelezaji wake ulisimamishwa. Dawa nyingi huishia hivyo, na mwenye kutaka kazi hii alijue hilo mapema. Kituo chenyewe kinaendelea, na kinawafundisha vijana wa Kiafrika.

Kwa mwenye mtoto kidato cha pili: nenda shuleni kabla ya mtihani wa taifa. Muulize mwalimu wa kemia mambo mawili: mtoto amefanya majaribio mangapi kwa mikono yake mwaka huu, na nini kinakosekana maabara. Jibu la pili lipeleke kwenye kikao cha wazazi.