Bahari ya Mbali na Mvua za Vuli Wilayani Ngara

Kila msimu wa vuli unapokaribia, mkulima wa Mugoma, wilayani Ngara, hukabiliwa na swali gumu. Manyunyu ya kwanza yakishuka, je, apande maharage mara moja, au angoje? Akipanda na jua likarudi, mbegu huharibika ardhini. Akichelewa, mvua huweza kukatika kabla mazao hayajakomaa. Sehemu ya jibu imo katika Bahari ya Hindi, iliyo umbali wa kilomita zipatazo 1,000.

Ili kuuelewa uhusiano huo, yafaa kukumbuka kanuni moja ya fizikia. Hewa iliyo juu ya maji yenye joto hupata joto na mvuke, huwa nyepesi, na hupaa. Ikipaa hupoa, mvuke hugeuka matone, na mvua hunyesha. Hewa hiyo hushuka mahali pengine ikiwa kavu, na hapo mawingu hayakui. Joto la uso wa bahari hutawala hewa hata karibu na ncha za dunia: barafu ya bahari ikipungua, maji yaliyofunuliwa hufyonza joto la jua ambalo barafu nyeupe ingelirudisha angani.

Katika miaka ya kawaida, Bahari ya Hindi huwa na joto zaidi upande wa Indonesia kuliko upande wa Afrika. Miaka mingine mambo hugeuka: maji ya karibu na Sumatra hupoa, ya magharibi hupata joto, na pepo zenye unyevu huelekea Afrika Mashariki. Mabadiliko hayo, yaliyopewa jina mwaka 1999, huitwa Dipoli ya Bahari ya Hindi. Dipoli ilipokuwa chanya kwa nguvu, miaka ya 1961, 1997 na 2019, mvua za vuli zilizidi sana. Ziwa Viktoria, ambalo hupokea maji ya Ngara kupitia mito Ruvubu na Kagera, lilipanda kwa zaidi ya mita 2 kati ya 1961 na 1964. Mwezi Mei 2020 likakipita kidogo kimo cha 1964. Ilipokuwa hasi, kama miaka ya 2010 na 2016, sehemu nyingi za Afrika Mashariki zilikumbwa na ukame.

Hata hivyo, bahari haiamui peke yake. Ngara hupata pia unyevu kutoka Ziwa Viktoria na bonde la Kongo. Kwa hiyo, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa utabiri wa msimu kwa lugha ya uwezekano: mvua za wastani, juu ya wastani au chini ya wastani. Utabiri wa mvua nyingi si ahadi kwa kila shamba, wala hauzuii siku za ukavu katikati ya msimu. Mkulima anayegawa mbegu zake na kuzipanda kwa awamu hupunguza hatari ya kupoteza zote.

Zoezi: Wanafunzi waweke kipimamvua mahali pa wazi shuleni na kukisoma kila siku saa 3 asubuhi. Wajumlishe mvua ya Oktoba hadi Desemba, kisha wailinganishe na utabiri wa msimu huo. Je, utabiri ulitimia? Kama haukutimia, ni sababu zipi zilizoweza kuleta tofauti?