KUTAMBUA MARADHI YA KUPE KATIKA DAMU YA BINADAMU

Wafugaji wa ng'ombe wanayajua maradhi ya kupe ambayo humtia mnyama homa kali na kumfanya akojoe mkojo mwekundu. Asili yake ni vijidudu viitwavyo babesia, viishivyo ndani ya chembe nyekundu za damu na kuzipasua. Jina hilo latokana na Victor Babeș, mtaalamu wa Rumania aliyeviona katika damu ya ng'ombe mwaka 1888. Mwaka 1893 Theobald Smith na F. L. Kilborne wa Marekani walithibitisha kwamba kupe ndiye avichukuaye.

Kwa muda mrefu maradhi haya yalidhaniwa kuwa ya wanyama tu. Lakini mwaka 1957 ilitangazwa habari ya mkulima wa karibu na Zagreb, katika Yugoslavia ya wakati ule, aliyekufa kwayo. Mtu huyo alikuwa amekwisha kutolewa wengu. Kazi moja ya wengu ni kuisafisha damu, na asiye nao huzidiwa upesi. Mwaka 1969 alipatikana mgonjwa mwenye wengu wake katika kisiwa cha Nantucket, Marekani. Hata leo wagonjwa wengi wanaojulikana hutoka nchi hiyo, hasa upande wa kaskazini-mashariki.

Shida kubwa ni kuyatambua. Mgonjwa hupata homa, baridi, jasho, uchovu na upungufu wa damu, kama mwenye malaria. Damu yake ikipakwa juu ya kioo, ikatiwa rangi na kutazamwa kwa darubini, huonekana vijidudu mfano wa pete, kama vile vya malaria. Mtazamaji mwenye haraka ataandika "malaria", na mgonjwa atakosa dawa imfaayo.

Basi yampasa mtazamaji kuangalia mambo matatu. Kwanza, vijidudu vya malaria vikomaapo huacha chembechembe za rangi nyeusi; babesia haziachi. Pili, malaria kali huweza kuonyesha vijidudu vyenye umbo la ndizi. Babesia hazina umbo hilo. Tatu, babesia pengine huonekana nne pamoja, mfano wa msalaba. Alama hii haionekani mara nyingi, lakini ikionekana ni ushahidi mkubwa.

Ikiwa shaka ingaliko, maabara kubwa hutafuta chembe za urithi za kijidudu katika damu. Kupima kinga ya mwili peke yake hakutoshi, maana kinga hudumu miezi mingi baada ya mtu kupona. Ugonjwa ukithibitishwa, kwa kawaida hutumiwa atovakwoni pamoja na azithromaisini.

Msomaji asidhani kwamba kila homa ni maradhi haya. Penye mbu wa malaria, malaria ndiyo ya kutazamiwa kwanza, wala dawa yake isicheleweshwe. Lakini mgonjwa na amweleze daktari mambo haya bila kuulizwa: amesafiri wapi, ameumwa na kupe, ametiwa damu ya mtu mwingine, au ametolewa wengu. Darubini huonyesha pete; maneno ya mgonjwa huonyesha zilikotoka.