Rili na Mshipi wa Kuvulia Sangara kwa Mfuko Mdogo

Sangara mkubwa humponyoka mvuvi kwa sababu tatu zinazojirudia: fundo limeachia, breki ya rili imekazwa kupita kiasi, au mshipi umesagika kwenye jiwe. Rili ya bei mbaya haiponyi hata moja kati ya hizo. Makala haya ni ya kijana wa Mwanza, Musoma, Kisumu au Jinja anayetaka kuacha kuazima fimbo ya mwenzake na kununua vifaa vyake mwenyewe, na ambaye akikosea kununua leo hatakuwa na pesa ya kununua tena mwezi ujao.

Tuanze na samaki, maana ndiye anayeamua ununue nini. Sangara, ambaye wa Kisumu wanamwita mbuta, ni mwenyeji wa mto Nile na maziwa ya Albert na Turkana. Ziwa Victoria aliletwa na watu katika miaka ya 1950 na 1960. Anaweza kufikia urefu wa karibu mita 2 na uzito wa kilo 200, na rekodi ya dunia ya sangara aliyevuliwa kwa fimbo ni kilo 104.32, samaki aliyenaswa katika Ziwa Nasser nchini Misri mwaka 2000. Usinunue vifaa kwa kumfikiria huyo wa Misri. Anayevua kutoka ufukweni au kwenye majabali mara nyingi atakutana na samaki wa kilo chache, akibahatika wa kilo 10 au 20. Vifaa vilivyopangwa kwa samaki wa ukubwa huo vitammudu hata wa kilo 40 ikiwa mvuvi ana subira.

Sangara akinaswa hukimbia kwa nguvu, lakini hakimbii mbali kama jodari wa baharini. Anachotafuta ni mwamba wa kujificha. Akiona ameshindwa huibuka juu, anafungua mdomo na kutikisa kichwa ili aiteme ndoana. Meno yake hayakati. Ni madogo mengi yaliyosongamana, mdomo mzima unakwaruza kama msasa, na mfuniko wa matamvua yake una miiba na kingo kali. Kwa hiyo wewe huhitaji mita 500 za mshipi. Mita 200 zinatosha, ila zile mbili za mwisho, zinazogusa mdomo wake na mawe, ziwe nene kweli.

Rili zinazohusika hapa ni za aina mbili. Ya kwanza inaning'inia chini ya fimbo. Bobini yake haizunguki unapokunja, bali kiwaya kilichopinda ndicho kinachozungusha mshipi juu yake. Ya pili inakaa juu ya fimbo na bobini yenyewe ndiyo inayozunguka. Hii ya pili ina nguvu zaidi ya kuvuta na inamfaa anayekokota chambo nyuma ya boti, lakini kuirusha kutoka nchi kavu kunataka mazoezi: kidole kikichelewa kuizuia bobini, mshipi wote unavurugika na asubuhi yako imekwisha. Kama unaanza, na unavulia ufukweni, chukua ya kwanza bila kusita.

Ukubwa wa rili huandikwa kwa namba, kuanzia 1000 hadi 10000 au zaidi. Kwa sangara, tafuta kati ya 6000 na 8000. Lakini kila kampuni ina vipimo vyake, kwa hiyo usiiamini namba hiyo peke yake. Soma ubavuni mwa bobini. Ukikuta 0.40/250, maana yake inabeba mita 250 za mshipi wenye unene wa milimita 0.40. Ukitaka kuweka mshipi wa milimita 0.50, usidhani utapungua kidogo tu. Nafasi inayoliwa inafuata unene uliozidishwa kwa wenyewe: gawa 0.40 kwa 0.50, zidisha jibu kwa lenyewe upate 0.64, kisha zidisha kwa 250. Zitaingia mita 160 tu. Hesabu hiyo ifanye dukani, kabla hujatoa pesa.

Halafu kuna beringi. Wauzaji wanapenda kuonyesha sanduku lililoandikwa beringi 13, na wanunuzi wengi wanaishia hapo. Mimi nashauri uipuuze namba hiyo kabisa. Rili yenye beringi nne au tano nzuri, gia imara na mwili usiopinda itaishi miaka mingi kuliko ile yenye beringi kumi na tatu hafifu. Uwiano wa gia nao uuangalie: rili ya 4.9:1 inakunja polepole lakini inavuta kwa nguvu, ya 6.2:1 inakunja haraka na inachosha mkono samaki akiwa mzito. Kwa sangara chukua ya polepole.

Kuikagua rili hakuhitaji fundi. Ikamate mwili kwa mkono mmoja, vuta hendeli kando kwa mkono wa pili. Ikichezacheza sana, iache. Zungusha mbele kisha jaribu kurudisha nyuma: inatakiwa ikatae papo hapo, isirudi hata robo mzunguko. Tazama kiroda kidogo ambacho mshipi unapita kabla ya kuingia kwenye bobini. Pitisha kipande cha uzi juu yake ukivuta kwa nguvu, uone kama kiroda kinazunguka. Kisipozunguka, mshipi utajikata pale pale kila siku. Pitisha ukucha kwenye ukingo wa bobini, na ukikwama mahali, pana mkwaruzo utakaokula mshipi.

Jaribio la mwisho ndilo kubwa kuliko yote. Omba ufunge mshipi kwenye bobini, kaza breki hadi katikati, mwambie mwenzako auvute polepole akirudi nyuma hatua kwa hatua. Mshipi unatakiwa utoke kwa mwendo mmoja. Ukiona unakwama, unaachia, unakwama tena, hiyo breki itakukatia samaki, hata kama rili inang'aa namna gani. Muulize muuzaji akufungulie bobini uone washa zilizomo: za nyuzi za kaboni zinastahimili joto la msuguano vizuri zaidi kuliko za kitambaa kilichoshindiliwa. Muuzaji akikukatalia majaribio haya, nenda duka la pili.

Kuna pesa unayoweza kuiokoa ambayo mvuvi wa Tanga au Mombasa hana budi kuitoa. Rili za baharini huuzwa ghali kwa sababu zimezibwa chumvi isiingie ndani. Sisi tunavua maji baridi, kinga hiyo hatuihitaji. Siku utakayoipeleka rili yako pwani, isuuze kwa maji ya bomba jioni ile ile, uifute na uiongezee grisi.

Rili za mtumba nazo zisidharauliwe. Mashine za zamani za chuma, kama zile za Penn, kampuni iliyoanza Philadelphia mwaka 1932, zina vyuma vichache, zinafunguka kwa bisibisi ya kawaida, na fundi mwenye akili anaweza kuzikatia washa mpya. Ukikuta rili ya aina hiyo ambayo gia zake hazilalamiki ukizungusha, ninaipa nafasi mbele ya mpya ya plastiki inayouzwa bei ile ile.

Sasa mshipi. Watu huumaliza mfuko kwenye rili, kisha wanafunga mshipi wowote uliobaki dukani. Hapo ndipo samaki wengi wanapopotea.

Mishipi iko ya aina mbili kuu. Nailoni ya uzi mmoja ni rahisi, inanyumbuka, na inavumilia mawe kwa kiasi fulani. Kunyumbuka kunasaidia sangara anapotikisa kichwa, kwa sababu mshipi unameza mshtuko. Ule wa kusukwa kwa nyuzi nyembamba karibu haunyumbuki kabisa, ni mwembamba sana kwa nguvu zake, na unahisi hata samaki anapogusa tu chambo. Ubaya wake ni kwamba ukigusa jabali huku umekazwa, unakatika upesi kuliko nailoni yenye nguvu hiyo hiyo, na bei yake ni mara kadhaa. Kwa fukwe zetu zenye mawe, na kwa mfuko mdogo, msimamo wangu ni nailoni: milimita 0.50, ambayo kwa kawaida hubeba kilo 14 au 15, au 0.60 ukivulia penye majabali mengi. Mshipi wa kusukwa uache kwa anayevua kwenye kina kirefu kutoka kwenye boti.

Kwenye lebo nguvu mara nyingi huandikwa kwa ratili, yaani lb. Ratili moja ni kilo 0.45. Mshipi wa lb 30 ni wa kilo 13.6. Usinunue roli lililoning'inizwa mlangoni mwa duka likipigwa jua, kwa maana jua linaidhoofisha nailoni bila kuibadilisha sura. Omba lililo ndani ya boksi. Funga fundo mwishoni mwa mshipi, uzungushie kitambaa mkononi, ukate kwa kuvuta ghafla. Ukikatika kirahisi, mshipi umekwisha umri.

Kipande cha mbele, zile mita mbili zinazoshika ndoana, kinunue kwenye maduka ya zana za uvuvi yanayouza vifaa vya migonzo, yaani mishipi mirefu yenye ndoana nyingi. Nailoni ya milimita 1.0 inayofungiwa ndoana za migonzo ni nene na inavumilia mdomo wa sangara vizuri sana. Lakini ukienda Rufiji au Kilombero kumtafuta samaki mwenye meno marefu yanayotoka nje ya mdomo, yule ambaye Waingereza humwita samaki chui milia, hapo nailoni yoyote ataikata. Tumia waya.

Nusu ya chini ya bobini ijaze mshipi wa bei ya chini, ambao samaki hataufikia mara nyingi, kisha unganisha mita 120 au 150 za mshipi mzuri juu. Unapojaza, mwenzako ashike roli na kuubana mshipi kwa kitambaa kilicholowa, ili ujipange ukiwa umekaza. Acha milimita 2 au 3 kabla ya ukingo. Msimu ukiisha, ugeuze mshipi huo mzuri: upande wake uliokuwa chini ambao haujatumika uje juu. Umepata mshipi mpya bila kununua.

Breki ipimwe kwa mizani, isikisiwe kwa vidole. Mizani ya kuning'iniza inayotumika sokoni inatosha. Funga ncha ya mshipi kwenye ndoano ya mizani, simama na fimbo ikiwa imepinda, vuta mpaka mshipi uanze kutoka. Mizani isome kati ya robo na theluthi ya nguvu ya mshipi: kwa mshipi wa kilo 15, kilo 4 hadi 5. Wengi wataona ni ndogo, lakini fikiria kinachotokea samaki akikimbia. Mshipi ukipungua kwenye bobini hadi kipenyo cha bobini pamoja na mshipi uliobaki kikawa nusu, breki ile ile uliyoiweka kwenye kilo 5 sasa inavuta kilo 10, bila wewe kugusa chochote. Ongeza uzito wa maji yanayoukokota mshipi, na fundo ambalo siku zote ni dhaifu kuliko mshipi wenyewe. Samaki akiwa mbali, ilegeze breki kidogo, usiikaze.

Fundo moja ukilijua vizuri linatosha. Pitisha ncha kwenye tundu la ndoana, irudishe sambamba na mshipi mkuu, tengeneza kitanzi, zungusha ncha mara 5 ndani ya kitanzi ukiizunguka mishipi yote miwili. Lowesha kwa mate, kaza polepole, kisha lisukume hadi kwenye tundu. Ukikaza likiwa kavu, joto la msuguano linaichoma nailoni. Baada ya kila samaki, pitisha mita mbili za mwisho katikati ya vidole. Ukihisi ukwaruzo, kata na ufunge upya.

Kabla ya kwenda majini, muulize afisa uvuvi wa eneo lako kuhusu leseni na vipimo vinavyoruhusiwa. Sangara wa chini ya sentimita 50 arudishwe akiwa hai. Ndani ya hifadhi kama Rubondo au Murchison Falls, kibali kinatolewa na mamlaka ya hifadhi yenyewe. Usisimame ndani ya maji, kwa sababu ya kichocho na mamba, na nailoni iliyokatika irudi nyumbani mfukoni, maana haiozi na inanasa ndege na kenge.

Na kama pesa ya rili haijapatikana, usisubiri. Mita 80 za nailoni ya milimita 1.0 zilizoviringwa kwenye kipande cha ubao, chubwi, ndoana na furu mmoja aliye hai wa chambo vinavua sangara kutoka kwenye mtumbwi vizuri kabisa. Vaa jaketi la kuokolea na glovu za ngozi, na kamwe usiuzungushie mshipi mkononi wala kwenye vidole. Uache upite kwenye kiganja, uubane na kuulegeza kadiri samaki anavyovuta.