Waya au plastiki angavu: kinachoamua ni mzizi wa jino

Msomaji wa Wete, Pemba, ameuliza iwapo binti yake mwenye umri wa miaka 14, ambaye chonge zake mbili za juu zimeota juu ya ufizi nje ya safu ya meno mengine, na ambaye ameelezwa kwamba magego mawili madogo ya juu yatang'olewa ili nafasi ipatikane, anaweza kutibiwa kwa vifuniko vya plastiki angavu vinavyovaliwa na kuvuliwa, maarufu kwa jina la alaina, badala ya breisi, yaani waya unaofungwa kwenye meno. Kwa hali kama hiyo breisi ndizo zinazostahili kufikiriwa kwanza, na sababu yake haimo katika ubora wa chuma au wa plastiki, bali katika namna nguvu inavyoufikia mzizi.

Jino halikugandana na taya. Mzizi wake umening'inia ndani ya tundu la mfupa kwa utando wa nyuzi wenye unene wa takriban robo ya milimita, na jino linaposukumwa, seli za upande unaobanwa humeng'enya mfupa huku seli za upande unaovutwa zikijenga mwingine, jambo ambalo Msweden Carl Sandstedt alilionesha kwa darubini mwanzoni mwa karne ya 20. Kwa hiyo kifaa hakilihamishi jino; mwili ndio unaolihamisha, na hufanya hivyo kwa mwendo wake wenyewe, ambao kwa kawaida ni kama milimita 1 kwa mwezi. Nguvu ikizidi mno, mishipa midogo ya damu katika utando huo huzibwa, sehemu ya utando hufa, jino hukwama kwa wiki kadhaa, na ncha ya mzizi inaweza kuliwa. Mzazi anayemsihi daktari akaze waya ili matibabu yaishe haraka huwa anaomba madhara bila kujua.

Ugumu mkubwa zaidi ni kwamba daktari hulishika taji tu, yaani sehemu ya jino inayoonekana, ilhali kitovu cha ukinzani, ambacho ndicho nukta ambayo jino lingesogea bila kuinama lau lingesukumwa hapo, kimejificha ndani ya mfupa, kati ya theluthi na nusu ya urefu wa mzizi kutoka ukingo wa mfupa. Mti wa kufungia ngalawa uliochomekwa kwenye matope ya mikokoni, ukisukumwa kichwani, hulala badala ya kuhama ukiwa wima. Na jino nalo ni hivyo hivyo. Ili lihame pamoja na mzizi wake, msukumo lazima uandamane na momenti, yaani nguvu ya kuzungusha inayoupinga ule mwinamo. Kuliinamisha jino hutosha nguvu ya gramu 35 hadi 60, lakini kulihamisha zima huhitaji gramu 70 hadi 120 pamoja na momenti hiyo.

Breisi huipata momenti kwa njia ya moja kwa moja. Kila kibandiko kinachogandishwa kwenye taji kina mfereji wa pembe nne, na waya wa pembe nne unaokaribia kuujaza mfereji huo hukandamiza kuta zake kwa pande zinazokinzana, hivyo mzizi ukalazimika kufuata. Alaina hufanya kazi kwa njia nyingine: kila kifuniko hutengenezwa kikiwa kimetofautiana na meno kwa takriban robo ya milimita, na plastiki inayojaribu kurudia umbo lake ndiyo inayosukuma. Ukingo wake ulio karibu na ufizi ni laini, kwa hiyo momenti yake ni dhaifu, na madaktari huongeza vinundu vya dawa ya kuzibia meno ili plastiki ipate pa kushika. Pengo la gego dogo lililong'olewa lina upana wa milimita 7 hivi, na katika kulifunga kwa alaina mara nyingi mataji hulala kuelekea pengoni huku mizizi ikibaki nyuma. Kuishusha chonge iliyo juu ni kugumu vilevile, kwani plastiki huteleza juu ya taji. Kwa msongamano mdogo au mianya midogo alaina hufaa sana, na hapo hakuna sababu ya kuzikataa.

Kuna pia suala la egemeo. Chonge ikivutwa nyuma, gego linaloivuta nalo huvutwa mbele kwa nguvu iyo hiyo, na kila milimita ambayo gego linasogea ni milimita iliyoibwa katika nafasi ya chonge. Inapobidi, skrubu ndogo huwekwa kwa muda ndani ya mfupa ili ibebe mzigo huo badala ya gego.

Tatizo la mpangilio wa meno si la wachache. Utafiti wa Matilda Mtaya na wenzake, uliochapishwa mwaka 2009, uliwapima wanafunzi 1,601 wa miaka 12 hadi 14 jijini Dar es Salaam, na asilimia 63.8 walikuwa na angalau kasoro moja ya mpangilio wa meno, ingawa si kila kasoro huhitaji tiba. Kwa familia ya Pemba inayolazimika kupanda boti ili kumfikia bingwa, ni vyema kuuliza kuhusu waya wa nikeli na titani, ambao hutoa nguvu nyepesi kwa wiki nyingi na hivyo kuruhusu miadi ya kila wiki 6 hadi 8. Mtoto ataacha kutafuna muwa na mahindi ya kuchoma, kwa kuwa kibandiko kilichobanduka hulifanya jino lisimame au lirudi. Alaina nazo hudai kuvaliwa saa 20 hadi 22 kwa siku, na zile zinazoagizwa kwa posta bila picha ya eksirei ni hatari, kwa sababu hakuna aliyeiona mizizi.

Waya ukishatolewa, nyuzi za ufizi zilizonyooshwa huchukua hata mwaka mzima kujipanga upya, kwa hiyo kishikizo, kifaa kinachoyazuia meno yasirudi, huvaliwa muda mrefu, hasa usiku. Kikivunjika, safari ya kutengeneza kingine isingoje upepo wa kusi upite, kwani meno yanaweza kuanza kurejea ndani ya siku chache.